Almasi ya Kupimia Maji, na Jinsi Yenyewe Inavyopimwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili wanafunzi wayasome tena polepole pamoja na mwalimu wao.

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa. Walimu wa madarasa, tafadhali wekeni chaki tayari, maana leo yako maneno mapya machache ya kuandika ubaoni, na hesabu mbili. Hesabu hizo si ngumu. Mtu ajuaye kupiga hesabu ya kilo za korosho zake na fedha anazodai atazimudu.

Somo la leo limetokana na barua. Darasa moja la Namasakata, mkoani Ruvuma, limetuandikia, nami naifupisha barua yao kidogo:

“Kijijini kwetu twachota maji katika kisima cha pampu ya mkono. Mwaka jana alikuja mtu na kifaa, akapima, akasema maji yana risasi, nayo ni sumu, tusiwape watoto. Baada ya miezi miwili akaja mwingine na kifaa chake, akapima, akasema maji hayana neno. Sasa wanawake wengine wamerudi kuchota mtoni, wengine wamebaki kisimani, na ziko nyumba ambazo hazisemezani kwa ajili ya jambo hili. Tena tulisikia kwamba kifaa cha yule wa kwanza kilikuwa na almasi ndani. Je, almasi yaweza kupima maji? Na tumwamini nani?”

Barua nzuri, na mwandiko wake ni mzuri pia. Ina maswali mawili, na la pili ndilo zito. Lakini siwezi kulijibu la pili bila kupitia la kwanza, kwa hiyo nawaomba mnivumilie.

Tuanze na neno lenyewe. Risasi inayosemwa hapa si ile ya bunduki. Ni metali ya kijivu, laini, nzito, ambayo watu waliitumia kufanyia risasi za bunduki, na ndiyo sababu jina likawa moja. Metali hiyo ikiyeyuka katika maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa nayo. Wala haimwangushi mtu siku ile ile. Humwingia mtoto kidogo kidogo, ikaudhuru ubongo wake unaokua, na mzazi akadhani mtoto wake ni mzito wa kuelewa tu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi ambacho maji ya kunywa yasikizidi, nacho ni maikrogramu 10 za risasi katika lita moja. Mwalimu, andika neno hilo: maikrogramu. Sasa chukueni punje tatu za mahindi makavu. Uzito wake ni kama gramu moja. Gramu hiyo igaweni mara milioni moja. Kipande kimoja ndicho maikrogramu. Au fikirini hivi: gramu moja tu ya risasi, uzito wa punje zenu tatu, ikiyeyushwa katika ndoo 5,000 za lita 20, maji yote hayo yamefika kwenye kiasi kile. Hakuna jicho litakaloiona, wala ulimi utakaoionja.

Lakini umeme waweza kuiona. Metali iliyoyeyuka majini hubeba chaji ya umeme. Ukitumbukiza ncha mbili za umeme majini, na moja ukaifanya hasi, chembe za risasi huvutwa kwenye ncha ile zikaiganda. Ukisubiri dakika chache, hukusanyika nyingi. Kisha ukiipandisha volti taratibu kuelekea upande wa chanya, hufika mahali ambapo risasi yote huachia ikarudi majini, na katika kuachia huko hutoa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo ukichorwa katika karatasi, huonekana kama kilima. Kila metali huachia kwenye volti yake: zinki hutangulia, hufuata kadimi, halafu risasi, halafu shaba. Basi mahali kilipo kilima hukuambia ni metali gani, na urefu wa kilima hukuambia ni nyingi kiasi gani. Ncha ile inayotumbukizwa majini huitwa elektrodi. Andikeni: e-lek-tro-di.

Kazi ya kupima kwa umeme si ya jana. Mwaka 1922, katika mji wa Prague, mtaalamu Jaroslav Heyrovský alianza kupima vitu vilivyoyeyuka majini akitumia matone ya zebaki kuwa elektrodi, na mwaka 1959 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Zebaki ilifaa sana, na kwa miaka mingi metali kama risasi zilipimwa kwa zebaki. Lakini ni ajabu kidogo, kutafuta sumu kwa kutumia sumu. Wenzetu waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya, wanaifahamu zebaki. Wameiona ikichomwa juu ya makaa ili dhahabu ibaki, na moshi wake ukavutwa na kila aliyeketi pale. Huko Japani, katika mji wa Minamata, ugonjwa ulioletwa na zebaki ya kiwandani iliyomwagwa baharini ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Basi wapimaji nao walitafuta elektrodi nyingine. Walijaribu dhahabu, platini, na kaboni iliyofanywa iwe ngumu kama kioo. Zote zinatumika hata leo, lakini kila moja ina ila yake. Nyingine hushika uchafu upesi. Nyingine hutoa umeme wake zenyewe, umeme usiohusiana na kile unachokitafuta, na kwa kuwa unachokitafuta ni kidogo mno, hufunikwa. Ni sawa na kutaka kumsikia mtu anayenong'ona karibu na mashine ya kusaga.

Hapo ndipo almasi inapoingia. Almasi si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1940 John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua mahali penye almasi Mwadui, katika Shinyanga, na mwaka 1947 ikatoka pale almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, aliyoitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lakini msifikiri kwamba kuna mtu anayechukua kito cha Mwadui akakitumbukiza kisimani. Ingekuwa hasara, tena kazi bure, kwa sababu almasi safi haipitishi umeme. Ni kihami, kama mpira unaozungushiwa waya.

Hata hivyo iko almasi adimu ya rangi ya buluu, nayo hupitisha umeme. Sababu yake ni chembe kidogo za kitu kiitwacho boroni zilizoingia ndani yake ilipokuwa ikijifanya chini ya ardhi. Wataalamu wakaliona hilo. Wakati huo huo wengine, katika Marekani, Urusi na Japani, walikuwa wakitafuta namna ya kuotesha almasi kwa gesi badala ya kuichimba. Mambo hayo mawili yakakutana. Mwaka 1987 wataalamu wa Moscow, akiwamo Yuri Pleskov, walichapisha habari za almasi iliyooteshwa ikatumiwa kuwa elektrodi. Sifa yake kubwa ni ukimya. Haina kelele za umeme kama nyingine, haishiki uchafu kwa urahisi, na asidi haiili.

Sasa jinsi inavyotengenezwa. Nitaieleza kama ningeeleza kitalu cha miche, kwa sababu mambo yake yanakaribiana.

Kitalu chenyewe ni kisahani chembamba cha silikoni. Kwanza husafishwa, halafu hupandwa mbegu, yaani hupakwa vumbi la almasi laini mno. Bila mbegu hiyo, almasi huota hapa na pale tu na kuacha mapengo. Kisahani hutiwa ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, hewa yote ikatolewa. Kisha huingizwa gesi ya haidrojeni kwa wingi, pamoja na methani kidogo, kama sehemu moja katika mia. Methani ni ile gesi itokayo katika samadi inayooza, ambayo watu wengine huikusanya wakapikia. Ndani yake mna kaboni, na almasi si kitu kingine ila kaboni iliyojipanga vizuri. Huongezwa pia gesi yenye boroni, kidogo sana. Halafu gesi hizo hupigwa kwa mawimbi ya maikrowevu, yale yanayopasha chakula katika majiko ya umeme ya mjini, mpaka zinang'aa zenyewe. Kisahani hupata joto la nyuzi 700 hadi 900. Hapo kaboni hushuka na kujipanga juu ya mbegu.

Sasa liko jambo ambalo mimi nililipenda kuliko yote. Masizi nayo ni kaboni, na masizi hutaka kuota katika chungu kile kile, kama magugu. Nani atayapalilia ndani ya chungu kilichofungwa, penye joto kama lile? Ni ile haidrojeni. Huyala masizi haraka kuliko inavyoila almasi. Kwa hiyo masizi yanakwisha, almasi inabaki, na shamba limejipalilia.

Kuota kwake ni kwa polepole. Kwa saa nzima utando waweza kuongezeka maikromita moja tu, au pungufu. Maikromita ni milimita moja ikigawanywa mara elfu. Unywele wa kichwa huwa na unene wa kama maikromita 70. Katika kila chembe 1,000 za kaboni huingia boroni moja au mbili. Ikipungua, umeme haupiti vizuri. Ikizidi mno, almasi huharibika. Mwishoni hupatikana utando mweusi usio na urembo wowote. Ukimpelekea mchumba, atakurudishia na posa yako.

Kwa kazi nyingi utando huo unatosha kuwa elektrodi kama ulivyo. Lakini kwa kupima vitu vilivyo kidogo mno, mafundi huugawa uwe nukta nyingi, na sababu yake ninyi wakulima wa mikorosho mtaielewa kuliko watu wa mjini. Mwafundishwa kupanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kwa nini? Mkorosho uliosimama peke yake hupata jua juu na pande zote, ukazaa pande zote. Mikorosho iliyobanana hupata jua kileleni tu. Na elektrodi ni hivyo hivyo. Bapa kubwa hupokea chembe zinazotoka mbele yake tu, na maji yaliyo mbele yake huishiwa upesi. Nukta ndogo mno hupokea kutoka mbele, kutoka kushoto na kulia, na haiishiwi. Ila nukta moja hutoa umeme mdogo mno, kama mkorosho mmoja usivyoweza kumsomesha mtoto. Basi huwekwa nukta nyingi, zikiwa mbali mbali, na umeme wake wote hukusanywa pamoja. Hiyo huitwa safu ya elektrodi ndogo.

Tuseme tuna nukta 200, kila nukta ina upana wa maikromita 10, na kutoka kati ya nukta moja hadi kati ya nyingine ni maikromita 100. Nafasi ni mara kumi ya upana, na wengine huzidisha hata hapo. Zipangeni katika mistari 10 yenye nukta 20 kila mmoja. Shamba zima hilo ni milimita moja kwa mbili. Laweza kukaa juu ya punje moja ya ufuta.

Namna ya kuzipata nukta hizo ni hii. Ule utando mweusi hukatwa kwa mwanga mkali wa leza, au huliwa kwa gesi ya oksijeni inayong'aa, vikabaki vijiti vimesimama. Kisha huoteshwa almasi nyingine isiyo na boroni, ile isiyopitisha umeme, ikavifunika vijiti vyote kama zege linavyofunika nondo. Halafu husuguliwa, almasi kwa almasi, siku nyingi, mpaka vichwa vya vijiti vichungulie vikiwa sawasawa na uso. Mafundi wengine huona kazi hiyo ni ndefu. Wao hufunika almasi nyeusi kwa utando wa kihami kingine na kufungua matundu ndani yake. Ni rahisi zaidi, lakini utando wa namna hiyo ukibanduka, maji hupenya chini yake, na mtazamaji hajui. Nyuma ya kisahani hupakwa metali za titani na dhahabu, waya ukaunganishwa. Kutengeneza kumekwisha.

Sasa sikilizeni vizuri zaidi, maana hapa ndipo jibu la barua linapoanza. Kifaa kiko mezani, kimetengenezwa kwa ufundi mkubwa na fedha nyingi. Je, kinasema kweli? Hakuna ajuaye bado. Ninyi mnajua mambo ya mizani wakati wa msimu wa korosho. Mtu wa Wakala wa Vipimo akija ghalani, haanzi kwa kupima korosho. Huja na jiwe la chuma ambalo uzito wake unajulikana, akaliweka juu ya mizani, akatazama. Mizani ikisema kilo 18 na jiwe ni la kilo 20, hapana haja ya kubishana na mwenye mizani. Mkulima ameibiwa kilo mbili katika kila ishirini. Elektrodi nayo huwekewa jiwe lake.

Jiwe la kwanza ni maji yasiyo na kitu, isipokuwa chumvi safi kidogo au asidi safi. Volti hupandishwa na kushushwa, na elektrodi inatakiwa inyamaze. Almasi iliyofanywa vizuri hunyamaza katika upana wa zaidi ya volti tatu, na hilo ni jambo kubwa. Kama kilima kinatokea na hakuna kilichotiwa majini, basi kuna uchafu, au masizi yaliyoponea palizi. Kifaa hicho hakijafaa kwenda kijijini.

Jiwe la pili ni chumvi ya metali iitwayo rutheniamu, iliyotiwa kwa kiasi kinachojulikana. Imechaguliwa kwa kuwa tabia yake kwenye elektrodi inafahamika, tena haisumbuliwi sana na hali ya uso wa almasi. Kwa hesabu, nukta moja ya upana wa maikromita 10 katika maji yenye milimoli moja ya chumvi hiyo kwa lita hutoa nanoampea 1.7 za umeme. Nanoampea ni ampea moja ikigawanywa mara elfu milioni. Hilo la milimoli tutalifundisha siku nyingine. Sasa, darasa, fanyeni hesabu ya kwanza. Nukta ziko 200. Kila moja hutoa 1.7. Jumla ni ngapi?

(Hapa darasa linyamaze kidogo, mtu mmoja aandike ubaoni.)

Vema. Ni nanoampea 340. Sasa fundi anapima, anapata 255. Gawanyeni 255 kwa 1.7. Mtapata 150. Maana yake nukta 50 hazifanyi kazi. Ama hazikuchungulia wakati wa kusugua, ama waya haujazifikia. Na kama akipata 500? Je, afurahi kwa kuwa umeme umezidi? La. Almasi haiwezi kuzaa kuliko hesabu yake. Umeme uliozidi waonyesha kwamba kuna ufa, maji yamepenya, na kuna sehemu nyeusi inayoguswa na maji bila kutakiwa. Mizani inayozidisha ni mbovu sawa na inayopunguza.

Fundi hutazama pia umbo la mchoro. Nukta zikiwa zimetengana vizuri, mstari hupanda kisha ukawa tambarare, kama barabara inayopanda mlima ikafika uwanda wa juu. Nukta zikiwa zimebanana, mstari hupanda ukafika kileleni, kisha ukaporomoka, kwa sababu zinanyang'anyana chembe. Mikorosho tena.

Baada ya hapo ndipo huja risasi yenyewe. Hutiwa katika maji safi kwa viasi vinavyojulikana: maikrogramu 5 kwa lita, halafu 10, 20, 40. Kiasi kikiongezeka mara mbili, na kilima kinatakiwa kirefuke mara mbili. Kisha maji yale yale hupimwa mara nyingi, kwa kuwa kifaa kinachosema 10 asubuhi na 16 mchana kwa maji yale yale hakina manufaa kwa mtu yeyote, hata kama ndani yake mna almasi.

Lakini maji ya maabara si maji ya kisima. Kisima kina chuma, kina udongo, kina mabaki ya majani yaliyooza, na vyote hivyo huweza kukifupisha kilima cha risasi. Shaba ikiwa nyingi nayo hukipotosha, kwa maana huganda pamoja na risasi kwenye elektrodi. Kwa hiyo mpimaji hodari hapimi maji ya kisima mara moja akaondoka. Hupima, akaandika urefu wa kilima. Kisha hutia katika maji yale yale risasi kidogo anayoijua kiasi chake, akapima tena. Hesabu ya pili ndiyo hii. Kilima cha kwanza kilikuwa na urefu wa milimita 20. Akaongeza maikrogramu 10 kwa lita. Kilima sasa ni milimita 60. Je, maji yalikuwa na risasi kiasi gani tangu mwanzo?

(Darasa lifikiri.)

Nyongeza ya maikrogramu 10 imeleta milimita 40. Kwa hiyo milimita 20 za mwanzo ni nusu yake, yaani maikrogramu 5 kwa lita. Maji hayo yako chini ya kiasi kilichowekwa. Hesabu hii hufanyika ndani ya maji yenu wenyewe, pamoja na udongo na chuma chake, na ndiyo sababu naiamini kuliko namba inayotokea tu kwenye kioo cha kifaa.

Nisisahau kusema kile ambacho elektrodi hii haiwezi. Haioni vijidudu vya kipindupindu wala vya kuhara. Na ile floridi inayoharibu meno na mifupa ya watu katika sehemu za Arusha, hiyo hupimwa kwa elektrodi ya aina nyingine. Mtu akiwaambia kwamba kifaa chake kimoja kimepima kila kitu, mwulizeni zaidi.

Sasa, ndugu zetu wa Namasakata, tumwamini nani? Mimi sikuviona vifaa hivyo viwili, kwa hiyo siwezi kusema kipi ni kizuri. Lakini yawezekana wote wawili walisema kweli. Mmeandika kwamba kisima kina pampu ya mkono. Katika pampu nyingi mna sehemu za shaba nyeupe au za njano zilizochanganywa na risasi, na mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yaweza kuwa nayo pia. Maji yaliyolala ndani ya pampu usiku kucha huila metali hiyo kidogo kidogo. Anayepima kikombe cha kwanza cha alfajiri aweza kuikuta risasi. Anayepima saa nane mchana, baada ya ndoo arobaini kutoka, hupima maji mapya yaliyotoka ardhini, na huenda asiikute. Mliandika kila kitu katika barua yenu isipokuwa saa. Walipima saa ngapi?

Na chupa je? Risasi hujishika kwenye kuta za chupa. Maji yanayopelekwa mbali hutiwa asidi safi kidogo ili isijifiche. Kama mpimaji wa pili alibeba maji katika chupa ya soda, bila asidi, akayapima baada ya wiki, huenda risasi ilibaki chupani.

Nawashauri hivi. Kamati yenu ya maji iende kwa ofisi ya RUWASA wilayani Tunduru, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, mwombe maji yapelekwe maabara ya Wizara ya Maji. Ombeni yachukuliwe mara mbili: kikombe cha kwanza cha alfajiri kabla ya mtu yeyote kupampu, na kingine baada ya ndoo nyingi kutoka. Kila chupa iandikwe saa na tarehe. Kazi hiyo ya kuandika ifanyeni ninyi, wanafunzi wa darasa, kwa mkono wenu. Na mtu akija na kifaa, kiwe cha almasi au cha kitu kingine, mwombeni apime kwanza mbele yenu maji ambayo kiasi chake kinajulikana, kisha ndipo apime yenu. Asikasirike. Mwenye mizani nzuri hufurahi jiwe likiwekwa.

Wakati mnangoja majibu, maji ya kwanza ya asubuhi yatumieni kwa kufulia au kumwagilia, na ya kunywa yachoteni baada ya pampu kufanya kazi kwa muda. Kama risasi inatoka kwenye pampu, hilo litaipunguza. Msidhani kwamba kuchemsha kunaiondoa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi hubaki, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi kukolea. Na akina mama waliorudi mtoni, maji ya mto ni lazima yachemshwe, kila siku, kwa sababu hatari yake haingoji miaka. Kuharisha humchukua mtoto kwa siku mbili.

Kazi ya nyumbani ni hii. Someni tena maneno maikrogramu, elektrodi na safu. Kisha fanyeni hesabu hii: safu ina nukta 120, kila moja hutoa nanoampea 1.7, na fundi amepima 170. Nukta ngapi zimekufa? Majibu yaleteni darasani.

Nanyi wa Namasakata, majibu ya maabara yakija, tuandikieni. Tutayasoma hewani, yawe yoyote yatakayokuwa. Kwaherini.